Kaunta Namba Nne

Siku ya kufungua tawi la Kisumu
mama mmoja kutoka Seme alivua viatu
kabla ya kukanyaga ngazi ya umeme.
Akapanda peku, viatu kifuani,
akashuka, akapanda tena.
Hakununua kitu. Tulimpigia makofi.

Mzee Shivachi alianza na pampu ya mafuta ya taa
kule Majengo, Vihiga, akipima chupa kwa chupa,
hadaiwi, hamdai mtu.
Kisha duka. Kisha wanawe wakarudi kutoka masomoni
na neno moja: matawi.
Yakatoka kumi na tisa
kabla hajatokea wa kuuliza habari ya mizizi.

Mfuko wetu ulikuwa wa samawati,
jua la manjano likichomoza ubavuni: PAMBAZUKO.
Watu waliukunja, wakaulaza chini ya godoro,
wakautoa siku ya kwenda ushago.
Unga wa soko la Kibuye ulisafiri ndani yake
ili majirani waone.

Mimi Perpetua Akeyo, kaunta namba nne,
niliujua mji kwa vikapu vyake.
Mwalimu aliyerudisha sukari, akabakiza chaki.
Kijana aliyenunua kadi ya rambirambi
na keki ya siku ya kuzaliwa, risiti moja.
Sikumuuliza.

Mkate ndio uliotangulia.
Kegode wa gari la mkate hakuzima injini:
leo pesa mkononi, dada, ama nageuza.
Akageuza.
Halafu maziwa. Halafu taulo za akina mama.
Meneja akatufundisha kuvuta bidhaa mbele,
kopo moja mbele, nyuma yake hewa,
na kufika mwezi wa sita rafu zote zilikuwa siki.
Siki kutoka mlangoni hadi buchari,
siki penye vitabu, siki penye maua,
nasi tukitabasamu juu ya sare iliyoandikwa
Karibu Kwenye Nuru.

Mali bila daftari huisha bila habari, husemwa.
Sisi daftari tulikuwa nalo, tena la kompyuta.
Habari tulikuwa nayo, kila jioni, kwa wino mwekundu.
Mali iliisha tu.

Mshahara wa Agosti tulilipwa kwa vocha
za duka lile lile lisilo na kitu.
Nilichukua siki chupa kumi na moja
na mwavuli wa mtoto, mimi ambaye sina mtoto.
Chupa mbili bado zipo. Siki haiozi.

Dalali alikuja Jumanne.
Toroli zilikwenda thelathini kwa bei moja.
Moja naiona Kondele ikibeba mahindi ya kuchoma,
gurudumu la mbele bado linavuta kushoto
kama lilivyomsumbua kila mteja wangu.
Juu sasa wanaomba. Chini wanauza mashuka ya mitumba.
Ngazi ya umeme haisogei; ni ngazi tu,
na watu wanaipanda na viatu vyao.

Kadi yangu ya uaminifu ina pointi
elfu mbili mia tatu na nane.
Nilikuwa nazilimbikiza, nipate jiko la gesi.
Wenye benki walipanga foleni yao, wenye magodoro yao,
wenye mawakili mbele kabisa.
Foleni yangu mimi haikutangazwa.

Nauza nyanya ng'ambo ya barabara.
Mkono wa kulia ukipokea noti
bado unashuka kiunoni kutafuta droo,
unakuta aproni.
Kule juu ya mlango Z ilianguka kwanza,
ikabaki PAMBA UKO, tukacheka.
Kisha upepo wa ziwani, kisha wachuuzi wa chuma chakavu,
na sasa zimebaki herufi tatu zenye kutu
zinazonikazia macho kuanzia asubuhi:
UKO

Niko, nasema,
na mteja aliyeinama kuchagua nyanya
anadhani namjibu yeye.